Bwawa tulivu kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa Corot

Karibuni. Leo tunachora bwawa. Mwalimu wetu ni Camille Corot, mchoraji Mfaransa aliyefariki 1875. Kwao palikuwa Ville-d'Avray, jirani na Paris, na mabwawa ya pale aliyachora tena na tena.

Turubai yangu ni sentimita 50 kwa 65, praima (rangi ya msingi) imeshakauka. Pakeni umba, ile kahawia ya udongo, iliyozimuliwa kwa tapentaini, mfute kwa kitambaa ibaki rangi ya chai ya maziwa. Kuchora kwa mkaa mnakujua, naruka.

Rangi: nyeupe ya titani, okra (njano ya udongo), kobalti (buluu), umba, nyeusi. Kijani cha tyubu kirudisheni sandukuni, kinapiga kelele mno. Nyeusi na okra zinatoa kijani kilichopoa, ndicho tunachokitaka.

Anga: nyeupe sehemu nne, kobalti moja, okra kiduchu. Changanyeni ya kutosha, maana anga hiyohiyo itashuka majini. Miti ipakeni kama moshi. Majani mojamoja hapana.

Haya, maji. Hapa twende polepole. Taswira ya mti huanguka wima chini ya mti wenyewe, basi vuteni brashi kuteremka. Kitu cheusi kikiwa majini hupauka kidogo, cheupe huingia giza kidogo. Kwa hiyo anga ya majini iongezeeni umba kidogo. Rangi ikiwa bado mbichi, chukueni brashi pana, laini, kavu (hii ya inchi mbili tunaiuza, shikeni yoyote mliyonayo), mpitishe mlalo, kwa wepesi. Mara moja tu! Futa brashi, ndipo usogee pembeni. Ukirudi na brashi chafu, umba inaingia kwenye nyeupe na bwawa linakuwa tope.

Ngoja... sogeza kamera. Mnaona kushoto? Ukingo umepanda, maji yanataka kumwagika nje ya picha. Nakwangua kwa kisu, nanyoosha kwa rula, napaka upya. Wima kwanza, mlalo baadaye. Na brashi? Futa. Futa!

Mabata mimi siweki, yanavuruga utulivu. Corot aliweka mtu mdogo, mara nyingi mwenye kofia nyekundu. Tone moja, kama punje ya mchele, mbele ya kijani. La pili linaua la kwanza.

Tabaka za juu ziwe na mafuta ya kitani zaidi kuliko za chini, la sivyo zitapasuka. Vanishi ngojeni miezi 6.