Kiharusi cha joto: mpoze kwanza, gari lije baadaye

Kuanzia Desemba hadi Machi, jua la Dar huja na unyevu mwingi hewani. Jasho linachuruzika lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana kuli wa Kariakoo anaweza kuzidiwa huku amelowa chapachapa.

Mtazame mwenzako. Kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu, misuli inakaza, ila anajibu vizuri? Huo ni uchovu wa joto. Mtoe juani, apumzike, anywe maji kidogo kidogo. Sasa muulize jina lake na mahali alipo. Akijibu ovyo, akipepesuka kama mlevi, akishikwa na degedege au kuzimia, chukulia kuwa ni kiharusi cha joto, yaani mwili umeshindwa kujipoza; joto lake huenda limefika nyuzi 40 au zaidi. Usisubiri ngozi ikauke. Wanaozidiwa wakiwa kazini mara nyingi bado wanatoka jasho, na hapo ndipo wengi hukosea.

Mtume mtu akatafute gari au bajaji. Wewe anza kumpoza papo hapo, kwa sababu ubongo, figo na ini vinaumia kila dakika joto linapobaki juu. Mlaze kivulini, mvue shati na viatu. Chukua ndoo ya maji ya lita 20: chota kwa kopo, mmwagie kuanzia shingoni hadi miguuni, mwenzako apepee kwa nguvu na kipande cha boksi. Maji ya bomba yanatosha. Ukipata barafu dukani, ifunge kwenye kanga, weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Safarini endeleeni kummwagia, madirisha yakiwa wazi.

Asiyejitambua asinyweshwe kitu, kitaingia mapafuni, mlaze ubavu. Panadol haisaidii hapa: inashusha homa, na hii si homa, ni mwili ulioshindwa kujipoza. Tafadhali, msiseme "malaria hiyo" mkamfunika blanketi. Kipimo atapimwa hospitali.

Kwa mafundi na wabeba mizigo: kazi nzito ifanyike alfajiri hadi saa nne, saa sita mpaka saa tisa mkae kivulini. Kila dakika 15 hadi 20 kunywa kikombe cha robo lita, kiu isisubiriwe. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa kunywa. Saidia fundi mgeni apewe kazi nyepesi siku za mwanzo; mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Na anayemeza dawa za presha zinazokojoza amuulize daktari wake kabla ya kushinda juani.