Wanawake Tisa, Bahasha Moja

FUNDI: Hamjambo? Sijalala vizuri tangu Jumatano, kwa hiyo nikisinzia Mama Pacha atanifinya.

MAMA PACHA: Nitakufinya hata usiposinzia. Waeleze kilichokukuta.

FUNDI: Usharika. Nilijitolea kuingiza daftari la waumini kwenye kompyuta kabla ya Jumapili ya mavuno. Kazi ya wiki tatu. Wiki ya pili nikakiri kwamba nimechelewa kidogo. Mzee wa kanisa mmoja akasimama: "Fundi ameelemewa, tumpe vijana sita wa kwaya."

MAMA PACHA: Mungu awabariki.

FUNDI: Awabariki, ila wakae mbali na kibodi. Siku mbili nzima nafundisha badala ya kufanya kazi. Huyu anaanza na jina la ukoo, yule anamalizia nalo. Mmoja kaandika yote kwa herufi kubwa, ukisoma ni kama unagombezwa. Jumatano usiku nakuta bahasha ya sadaka namba 214 ina watu watatu: mama mmoja, mume wake, na mama yuleyule kwa jina la kabla hajaolewa. Na bibi tuliyemzika Pasaka kapewa bahasha mpya, tena ana ahadi ya mavuno.

MAMA PACHA: Mmemfufua kabla ya parapanda!

FUNDI: Ndipo nikamkumbuka Fred Brooks, nikasema leo tumzungumzie. Mmarekani wa North Carolina, kazaliwa 1931, katutoka Novemba 2022. Ndiye aliyesimamia System/360, zile kompyuta za IBM zilizotangazwa Aprili 1964, halafu na programu yake ya uendeshaji, OS/360. Kuna wakati watu zaidi ya elfu moja walikuwa kwenye programu hiyo. Na ilichelewa. Mwaka 1975 akatoa kitabu, The Mythical Man-Month, akasema wazi: programu ikishachelewa, ukiongeza watu unaichelewesha zaidi. Mimba ni miezi tisa, hata ukiwapangia kazi hiyo wanawake wangapi.

MAMA PACHA: Mimi nilizaa wawili kwa miezi minane na nusu.

FUNDI: Nilijua tu.

MAMA PACHA: Piga hesabu, fundi. Kila mtoto miezi minne na wiki moja.

FUNDI: Umeongeza mavuno, hukupunguza muda.

MAMA PACHA: Na sikuongeza watu! Daftari mngenipa mimi. Ila leba walikuja mashangazi saba, dada wa mume kabisa. Huyu anasema nisimame, huyu nilale ubavu, mwingine anaomba kwa sauti, mwingine anapiga simu Moshi kutangaza matokeo ambayo hayajatoka. Muuguzi akaja, akawaangalia wote, akasema, "Mwenye mimba ni nani hapa?"

FUNDI: (anacheka) Huyo muuguzi alimsoma Brooks! Hesabu yake ndiyo hiyo. Mkiwa wawili mna njia moja ya kuulizana. Mkiwa saba, njia 21. Mimi na wale vijana sita ni saba. Njia 21, na zote zilipita kwenye simu yangu.

MAMA PACHA: Lakini mimi sikubali kuwa ni sheria. Kaburi tunachimba wengi, tunamaliza upesi.

FUNDI: Kaburi halina haja ya kuelewana.

MAMA PACHA: Hujawahi kuchimba na wajomba zangu.

FUNDI: Haya, turudi kwa marehemu Brooks. Nilichotaka kusema ni kwamba alikuwa Mkristo wa kweli na mtu wa familia. Alimuoa Nancy mwaka 1956, wakapata watoto watatu. Alijitoa sana kwa wanafunzi wa InterVarsity, wale wa ushirika wa Kikristo vyuoni. Mtoto wake mkubwa wa kiume alimwita Kenneth, kwa heshima ya Kenneth Iverson, waliyekuwa wote Harvard na baadaye IBM.

MAMA PACHA: Subiri. Mtoto kapewa jina la mtu wa ofisini?

FUNDI: Rafiki yake. Waliandika kitabu pamoja.

MAMA PACHA: Na babu yake alikuwa wapi? Kwetu Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba. Ofisi imeingia mpaka kwenye cheti cha kuzaliwa, halafu unaniambia mtu wa familia.

FUNDI: Kazi ikiwa wito, mnaofanya nao wanakuwa ndugu.

MAMA PACHA: Huo ndio ugonjwa wenu. Jumatano usiku ulikuwa wapi? Mkeo alinipigia.

FUNDI: Nilikuwa kwenye kazi ya kanisa!

MAMA PACHA: Ndiyo. Ungesema uko baa angekugomba. Ukisema kanisa, anyamaze, apashe ugali mara ya tatu. Sifa za mume mwema mimi nitamwuliza Nancy, siwaulizi wanafunzi.

FUNDI: Mtu huyu aliacha cheo IBM, akarudi jimboni kwao, akaanzisha idara ya kompyuta chuo kikuu cha Chapel Hill mwaka 1964, akaiongoza miaka 20. Mwenye kukimbia nyumba hafanyi hivyo.

MAMA PACHA: Kutoka ofisi moja kwenda nyingine si kurudi nyumbani.

FUNDI: Hapo sikubali.

MAMA PACHA: Usikubali.

(kimya)

FUNDI: Tumebakiza dakika ngapi?

MAMA PACHA: Tatu.

FUNDI: Nilikuwa na mafunzo matano. Nimeyaandika.

MAMA PACHA: Soma moja.

FUNDI: Basi hata si funzo. Herufi ndogo. Brooks alitaka baiti, yaani nafasi ya alama moja kwenye kompyuta, iwe na biti nane badala ya sita; biti moja ni sifuri au moja tu. Biti sita zinakupa alama 64 tu, ukishaweka herufi kubwa, tarakimu na nukta, umejaza. Nane zinakupa 256. Mwenyewe alisema huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya.

MAMA PACHA: Mwambie yule kijana wa kwaya. Mtu kahangaika, yeye anapiga kelele. Na bibi wa Pasaka?

FUNDI: Ahadi yake bado inasoma. Wazee wameunda kamati ndogo ya kuishughulikia.

MAMA PACHA: Ya watu wangapi?

FUNDI: Tisa. (mlango unagongwa) Nani tena?

MAMA PACHA: Ni wanangu, wa miezi minne na wiki moja kila mmoja. Vueni viatu huko huko nje! Fundi, zima hiyo kitu.