Picha ya Elgon Inashukia Kwenye Barafu

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa jiografia, asanteni kwa kunipokea hapa Mbale.

Wanale mnaouona dirishani ni bega la Mlima Elgon. Upande wa pili ndiko Bududa, ambako Machi 2010 udongo uliporomoka ukawafunika watu wetu. Leo satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha za miteremko hiyo zikiwa kilomita 786 juu. Picha hizo zinashukia wapi? Nyingi hushukia kwenye kituo cha antena cha Svalbard, visiwa vya Norwe, nyuzi 78 kaskazini, ambako jua likizama Oktoba halionekani tena hadi Februari.

Asubuhi mmoja wenu aliniuliza kama ni kwa sababu wenzetu wana pesa. Pesa wanazo, lakini sababu ya kwanza ni umbo la dunia.

Satelaiti hizi hupita karibu na ncha zote mbili, na kila mzunguko huchukua dakika 100 hivi. Wakati huo dunia nayo inageuka chini yake, nyuzi 25. Basi ikirudi ikweta, inapita karibu kilomita 2,800 magharibi ya pale ilipopita mwanzo. Ndiyo maana aliye Entebbe huipata mara 3 au 4 tu kwa siku. Kaskazini njia zote zinakaribiana. Ukisimama barabara ya Bududa utaona taksi za Bududa. Ukisimama Old Taxi Park, Kampala, utaona za kila upande. Svalbard ndiyo hiyo Taxi Park: mizunguko 14 kwa siku, na yote inaonekana.

Mwenye mlima unaoporomoka hawezi kungoja nusu siku hadi satelaiti ipite tena juu ya kituo. Hilo mimi naliweka mbele ya yote.

Lakini barafu haisafirishi data. Kituo cha Svalbard kilianza 1997, na mkongo wa chini ya bahari ulipofika 2004 ndipo picha zilipopata njia pana ya kutoka.

Nasi ikweta tuna letu. PearlAfricaSat-1, satelaiti yetu ya kwanza, iliachiwa mwaka 2022 kutoka kituo cha kimataifa cha anga, ambacho njia yake haivuki nyuzi 52. Svalbard haikuweza kuiona kamwe, Uganda iliiona. Na zile satelaiti za mawasiliano zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, sisi tunaweza kuzitazama karibu na utosi, wao wanazikuta zimelala kwenye upeo. Kwa hiyo mkisikia kituo kinajengwa, ulizeni kwanza: kwa satelaiti ya njia ipi?

Sasa aliyebeba chungwa na uzi aje mbele, tuifunge mizunguko yote 14 tuihesabu.