Wachina wa Singapore walitoa wapi mtaji? Nawajibu kwa hesabu

Haya, swali lenu la kila video: Wachina wa huku Singapore walitoa wapi mtaji wa maduka enzi za Mwingereza, na mfanyabiashara mdogo hakopesheki benki? Najibu, na asije mtu kusema najifanya mjuaji kwa sababu niko ughaibuni.

Mchezo, ule wa kuchanga hela na kupokea kwa zamu, mnaujua, siuelezi. Wa kwao unaitwa hui, na humo zamu hununuliwa. Chukua watu 10, dola 100 kwa mwezi. Kijumbe, yaani anayeusimamia, anakula mwezi wa kwanza bila kushindana: wenzake 9 wanampa 900, kisha naye anatoa 100 kila mwezi hadi mwisho. Kuanzia mwezi wa pili, mwenye shida na hela anaandika dau kwenye kikaratasi, yaani punguzo atakalowapa ambao hawajala, na mwenye dau la juu ndiye anakula. Dau la juu likiwa 20, ambao hawajala wanatoa 80 tu. Aliyekwisha kula anatoa 100 kamili. Kwa hiyo mshindi wa mwezi wa pili anapata 80 mara 8, ongeza 100 ya kijumbe: 740. Mpaka mchezo uishe atakuwa ametoa 900. Hiyo 160 ndiyo riba yake. Dau likibaki 20 miezi yote, wa mwisho ametoa 740, anaondoka na 900. Mwenye duka anakula mapema ajaze bidhaa. Asiye na haraka anasubiri faida.

Kijumbe naye hali mwezi wa kwanza bure. Mtu akikimbia, yeye ndiye anayelipa pengo. Ndiyo maana walichaguana kwa lugha na kijiji, Hokkien kwa Hokkien, Teochew kwa Teochew: ukidhulumu, hata nyumbani China wanasikia.

Lakini ulivunjika, tena sana. Mtu akitaja dau 40 kwenye 100, jueni ameshakabwa na madeni. Kijumbe mwenye michezo mitatu analipia huu kwa hela ya ule, na ukianguka mmoja, inaanguka yote. Anayelia ni yule aliyesubiri. Mwaka 1971 Singapore ikaiwekea sheria ya kuidhibiti. Malaysia, mwaka huohuo, ikapiga marufuku kabisa.

Benki zao wenyewe? Kwong Yik, ya kwanza, ilifunguliwa 1903 ikafa 1913. Mdororo ulipobana, benki tatu za Wahokkien ziliungana 1932 ikazaliwa OCBC, ipo hadi leo. Makaratasi ambayo benki za huku zinamdai mgeni siku hizi, tusiyaguse, nitaambiwa nalalamika.

Na nyie wa "Wachina wote matajiri": wengi walishuka melini na deni la nauli, wakaishia kuvuta riksho.

Mkitaka kutia dau kwenye mchezo wenu, shauri yenu, kila nchi na sheria zake. Mimi ningetaka aliyekwisha kula awe na mdhamini, na kijumbe asiwe na mchezo mwingine. Na msinitumie meseji niwashikie hela. Sishiki.