Kamera Inazima Ghafla? Tutafute Ubovu Kabla ya Kununua Betri

Karibuni watazamaji. Kamera yako ikizima baada ya picha mbili tatu, au isipowaka kabisa, usikimbilie dukani. Betri husingiziwa sana, na betri halisi ni ghali. Hapa mezani nina Canon EOS 80D na betri yake, LP-E6N. Kwa kamera nyingine menyu zitatofautiana, lakini njia ni hii hii.

Zima kamera, fungua mlango wa betri huku chini, itoe. Ilaze juu ya meza. Ikitulia, vizuri. Ikiyumba, au kama umeivuta kwa nguvu ndipo ikatoka, imevimba: ndani imejaa gesi. Hapo safari ya betri hiyo imeisha. Usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi bapa, wala usiitupe jalalani. Iweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na chochote kinachoshika moto, kisha uipeleke wanakopokea taka za kielektroniki. Fundi akikuambia ataifungua abadilishe seli, nakusihi ukatae. Lithiamu ikiwaka haikupi nafasi ya kufikiri.

Umbo likiwa zima, tazama hizi sehemu za shaba zinazogusana na kamera. Zifute kwa kitambaa kikavu. Uchafu ukigoma, tumia pamba yenye spiriti kidogo, uache pakauke. Wenzangu wa Zanzibar, Tanga na Mombasa, msiiruke hatua hii, maana upepo wa bahari una chumvi. Ndani ya kamera usichokonoe kwa chuma.

Sasa chaja. Ipachike betri, tazama taa ya rangi ya chungwa. Ikimweka mara moja moja, chaji haijafika nusu. Mara mbili mbili, imepita nusu. Mara tatu tatu, imefika asilimia 75 au zaidi. Ikijaa, inakuwa kijani. Lakini ikimweka haraka haraka bila kupumzika, chaja imekataa kuchaji. Chomoa kwenye umeme, toa betri, subiri kidogo, rudisha. Kama betri ilikuwa juani au ndani ya gari, iache ipoe kwanza; chaja hii imetengenezwa kwa joto la nyuzi 5 hadi 40.

Bado inagoma? Azima betri nyingine ya aina hiyo hiyo. Ikichaji, ubovu uko kwenye betri yako. Ikikataliwa nayo, mshuku chaja, au hata soketi ya ukutani.

Mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, apime volti za betri, kwa uangalifu ncha zisigusane. Betri imeandikwa volti 7.2, lakini ikijaa hukaribia 8.4. Ikisoma sifuri baada ya kulala miezi mingi, huenda saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme ndani ya betri kuilinda, imejifunga. Chaja ikishindwa kuiamsha, iache. Usiishtue kwa nyaya kutoka betri nyingine.

Ikishajaa, irudishe, ingia kwenye menyu, fungua taarifa za betri. Vijiboksi vitatu vya kijani maana yake bado inapokea chaji vizuri. Viwili, imeanza kuchoka. Kimoja chekundu, sasa nunua. Kamera ikilalamika kwamba haiwasiliani vizuri na betri, na shaba umeshazisafisha, huenda umeuziwa feki, hata kama ina nembo.

Vijiboksi ni vitatu lakini chaji haidumu? Angalia unavyopiga. Kwa vipimo vya Canon, 80D hupiga takriban picha 960 ukichungulia kwenye kitundu, lakini 300 tu ukitumia skrini. Wi-Fi nayo izime usipoihitaji.

Mwisho, betri ni nzima, imejaa, na kamera bado haiwaki. Funga mlango wa betri mpaka usikie mlio, kwa sababu pale kuna kiswichi kidogo, na mlango usipokibonyeza kamera haiwaki. Ukiubana kwa kidole ikawaka, mpelekee fundi kamera, umwonyeshe mlango huo.