Wasiwasi Usiokoma: Mgonjwa Anayerudi Kila Mara

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wauguzi na matabibu wenzangu,

Mgonjwa ninayetaka kumzungumzia leo mnamfahamu nyote, ingawa huenda faili lake halitaji wasiwasi hata mara moja. Huja akilalamika kwamba moyo unakwenda mbio, shingo na mabega yamekaza, tumbo linamsokota na usingizi hukatika usiku wa manane. Amepimwa presha, malaria na taifodi, amepewa dawa za vidonda vya tumbo, na kila majibu yanapotoka salama hupata nafuu ya siku mbili tatu, kisha anarudi. Hajifanyi mgonjwa. Misuli inayokazwa kutwa nzima huuma kweli, na asiyelala huchoka kweli.

Hadi mwaka 1980 ugonjwa huu wa wasiwasi usiokoma ulihesabiwa pamoja na ule wa hofu inayomlipukia mtu ghafla. Mwaka huo ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoutenga. Kwa vigezo vya sasa, tunatafuta wasiwasi uliopita kiasi kuhusu mambo mengi, unaokuwapo siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, ambao mwenyewe hawezi kuuzuia, ukiandamana na dalili zisizopungua 3 kati ya hizi 6: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kutuliza fikira, hasira za karibu, kukaza kwa misuli na usingizi mbovu. Lazima pia uwe unamtesa au unamharibia shughuli zake. Mzazi anayekosa usingizi kwa kuwa karo imemshinda ana shida ya karo. Huyu wetu, karo ikilipwa, jioni hiyo hiyo wasiwasi unahamia kwenye mafua ya mtoto.

Lipo dodoso la maswali 7, lililotolewa mwaka 2006, lenye alama 0 hadi 21, na anayefikisha 10 anastahili kuchunguzwa zaidi. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Kwanza tuangalie tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, kahawa au miraa nyingi, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambayo mara nyingi huandamana na wasiwasi huu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naamini ndipo tunapokosea kwa nia njema. Tumchukue mama ambaye mwanawe ni dereva wa bodaboda. Kijana akichelewa nusu saa, mama anapiga simu. Akisikia sauti yake, kifua kinashuka, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kwamba bila kupiga simu hawezi kutulia. Baada ya muda anapiga kila robo saa. Nasi tunapomwandikia kipimo cha nne cha moyo ili tu atulie, au tunapomwambia “Mama, usiwe na wasiwasi, huna kitu,” tumekuwa simu nyingine. Kinachomshinda ni kuvumilia kutojua, na uvumilivu huo haupatikani kwa kuhakikishiwa upya kila wiki.

Ndiyo maana tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mienendo ina ushahidi mzuri. Mama huyu ataombwa aandike anachotabiri kabla ya kupiga simu, achelewe dakika kumi, kisha ishirini, na alinganishe utabiri na kilichotokea. Atatengewa pia muda maalumu wa kuwaza, mathalani saa kumi na moja jioni, na wazo likija asubuhi analiahirisha hadi saa hiyo. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na wanafamilia washirikishwe, maana wao ndio wanaoulizwa maswali yale yale kila siku.

Dawa nazo zina nafasi yake, hasa hali ikiwa nzito au mazungumzo peke yake yasipoleta nafuu. Zinazotangulia ni zile za kundi la setralini, zilizozoeleka kama dawa za sonona. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, na kwamba siku za mwanzo anaweza kusikia kichefuchefu au wasiwasi kuongezeka, la sivyo ataziacha kabla hazijafanya kazi; vijana wafuatiliwe kwa karibu zaidi wasije wakapata mawazo ya kujidhuru. Diazepamu hutuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani ikitumiwa kwa wiki nyingi mwili huizoea na kuiacha huwa tabu. Yule aliyepona kwa setralini aendelee nayo kwa miezi 6 hadi 12, kisha ipunguzwe polepole chini ya uangalizi wetu.