Pikapu yako inataka petroli gani? Maongezi na madereva wa kirikuu na Hilux

Haya jamani tusogee mbele kidogo, wale mliokaa huko mwisho spika hii haiwafikii na mnaiona yenyewe ilivyo. Mimi ni fundi, situmwi na kampuni yoyote ya mafuta, kwaio leo sina sheli ninayoipigia debe. Nimeombwa nijibu lile swali ambalo kila mwenye pikapu ya petroli akija gereji lazima aulize, eti fundi niwe naweka mafuta ya sheli gani, na hizi namba za okteni ninazoziona Youtube zinanihusu nini. Ntaanza na namba maana ni fupi, alafu kwenye sheli ndo tutakaa sana.

Okteni haipimi nguvu ya mafuta, na hapa ndo wengi mnaliwa hela. Inapima petroli inavumilia kiasi gani ikibanwa ikapata joto ndani ya silinda kabla haijajiwasha yenyewe bila kusubiri plagi. Ikijiwasha mapema unasikia injini inalia ting ting ting, hasa ukiwa umebeba mzigo, gia kubwa, unapanda mlima Kitonga saa nane mchana na vitunguu vimepita kimo cha kebini. Gari mpya ina sensa inayosikia huo mlio na kuchelewesha moto, kwaio we utaona tu gari imekuwa nzito na inakula mafuta. Gari ya zamani ya kabureta na distributa haina huyo msaidizi, inagonga tu mpaka gesketi ya silinda hedi inaungua au pistoni inatoboka, na hapo dereva anamwambia tajiri et fundi ndo alifunga vibaya.

Sasa zile namba. Mmarekani kwenye pampu yake anaandika 87, 89, 91, 93. Ile ni wastani wa vipimo viwili, kimoja kinaitwa RON na kingine MON. Sisi huku Tanzania, na Japani na Ulaya, tunasoma RON peke yake, na RON siku zote inatoka kubwa zaidi kwa mafuta yaleyale. 87 ya kwake ni kama 91 au 92 ya kwetu, 93 ya kwake inakaribia 98 ya kwetu. Kwaio ukimsikia jamaa wa Texas anasema pikapu yake ya Ford F-150 anaiwekea 87 usimcheke ukadhani anaweka maji, na ukisoma 91 kwenye manyuo, kile kitabu cha gari, ya Kimarekani usidhani ni ileile 91 ya manyuo ya Kijapani.

Kirikuu zenu hizi, pikapu ndogo za Suzuki Carry na Daihatsu Hijet, zimetoka Japani na zimetengenezwa zitumie petroli ya kawaida ya kule, ambayo kwa viwango vyao RON haitakiwi kushuka chini ya 89. Ile wanayoiita haioku inaanzia 96 na ni ya magari ya maana yenye taabo na mgandamizo mkubwa, yaani injini inabana hewa na mafuta zaidi kabla ya kuwasha. Petroli ya kwetu ipo juu ya hiyo ya kawaida yao, kwaio kirikuu haina cha kudai. Hilux ya petroli ile ya 2.7, injini ya 2TR, za mwanzo mgandamizo wake ni 9.6 kwa 1, za baadae wakapandisha 10.2 kwa 1, nayo haijafika kwenye kudai mafuta ya mashindano. Na ukiwa Mbeya au Njombe, hewa kule ni nyepesi, injini inavuta hewa kidogo, presha ndani ya silinda inashuka na hitaji la okteni linashuka nayo, ndo maana Denver kule milimani Marekani wanauza mpaka 85. Wale chama cha magari AAA wa Marekani walipima mwaka 2016 wakakuta gari iliyotengenezewa mafuta ya kawaida ukiipa ya bei ya juu haipati chochote cha maana. Basi, okteni tumemaliza, angalia kwenye manyuo au ndani ya mfuniko wa tenki imeandikwa nini, timiza hiyo, usiongeze.

Tuje kwenye sheli sasa.

Watu wanabishana vijiweni Puma, Total, Oryx, Lake, GBP, nani ana mafuta mazuri, wengine karibu washikane mashati. Ndugu zangu, Tanzania mafuta yanaagizwa kwa pamoja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji mafuta. Zabuni moja, meli moja, inashusha Dar, Tanga au Mtwara, alafu kila kampuni inachukua mgao wake. Petroli iliyoko kwenye sheli mbili zinazotazamana barabarani kuna uwezekano mkubwa imetoka tumbo la meli moja. Ni kama maji ya bomba mtaani, chanzo kimoja ila kila nyumba ina simtanki lake na nani analisafisha anajua mwenyewe.

Tofauti inaingia baada ya hapo. Ya kwanza ni dawa za kusafishia ambazo kampuni zingine zinaongeza kwenye depo, na hizo zina kazi kweli, sio porojo, maana haohao AAA walipima mafuta yenye dawa ya kutosha na yasiyo na dawa hiyo wakakuta yale yasiyo na dawa yanaacha uchafu mara 19 zaidi ndani ya injini. Kama gari yako ni ya injekta na kuna sheli inauza petroli yenye dawa kwa bei ileile au tofauti ndogo, weka. Ila dawa haitakuokoa kama tenki la chini la hiyo sheli lina maji au kuna mtu amechezea mzigo njiani.

Wakongwe mnakumbuka enzi za uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, petroli kodi kubwa, kwaio mtu anachanganya anakula tofauti, na mafuta ya taa okteni yake iko chini sana, injini inagonga, plagi nyeusi, oili inakuwa nyepesi kama chai. 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wakaleta vinasaba, ile alama inayowekwa kwenye mafuta depo ili mkaguzi akipima sheli ajue yamechanganywa au yalikuwa ya kwenda nchi jirani yakashushiwa hapahapa, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Hiyo ya kodi kwa maoni yangu ndo ilifanya kazi kubwa kuliko wakaguzi wote, maana faida ikiondoka mwizi anatafuta biashara nyingine.

Kwaio we chagua tenki, acha kuchagua bango. Nenda sheli yenye foleni ya malori na daladala, mafuta yanatoka haraka hayakai yakaota maji. Ukikuta tanka linashusha, pita, rudi kesho, maana muda huo takataka zote za chini zimevurugwa. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Dai risiti kila siku hata kama ni ya elfu kumi, maana gari ikizima baada ya kilomita mbili bila risiti huna kesi, utaenda EWURA na maneno matupu. Ukishuku, kinga kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie, maji yanakaa chini yanaonekana. Bei isikuzungushe mji mzima, EWURA wanatangaza kikomo cha bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na tofauti ya sheli na sheli hailipi mafuta ya kuitafuta. Na vidumu vya pembeni ya barabara mi siviongelei.

Ee na wenye Hilux za petroli, shuka kwenye gari! Mhudumu akiona Hilux mkono unaenda kwenye dizeli wenyewe, na akishakosea usiwashe, hata swichi usizungushe, sukuma pembeni ita fundi akamue tenki.

Kuna mzee hapa ana Nissan Hardbody ameuliza zile chupa za kupandisha okteni zinazouzwa Kariakoo anunue? Mzee wangu, kama inagonga, kwanza nicheki taiming, yaani plagi inawasha kwa wakati, alafu plagi kama ni za joto sahihi, alafu rejeta, alafu masizi ndani ya silinda. Gari za umri ule nyingi zinagonga kwasababu hizo na chupa inaficha tatizo wiki moja hela imeisha. Ilete Jumatatu asubuhi ikiwa imepoa, usije nayo mchana imetoka safari.